Mizani Haina Ndugu

Arvilla Thygesen alipikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo wote hakuwahi kumwamini mtu aliyemwambia kwamba kuna chakula chenye miujiza. Chakula kina chumvi, alikuwa akisema, na mara nyingi kimezidi. Hakufungua kopo kabla ya kusoma maandishi madogo ya nyuma, miwani ameishusha hadi ncha ya pua, midomo ameibana kama hakimu anayesoma shauri la mwizi wa kuku.

Mumewe, Thayne, alifuga batamzinga, na kwa kutoamini watu alimpita. Bonde lao la Sanpete lina batamzinga wengi kuliko waumini, na waumini wenyewe si haba. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka walifika wachuuzi wa vyakula vya mifugo. Walikuja na viatu safi, jambo ambalo peke yake linatosha kumtilia shaka mtu anayeingia bandani. Huyu ana unga wa kuongeza nyama, yule ana matone ya kufukuza magonjwa yote, hata yale ambayo bado hayajapewa jina. Thayne hakubishana nao. Alipokea gunia moja la chakula chao na kuliweka kando ya gunia la chakula chake cha kawaida, kisha akamwita jirani yake, Orval Nuttall. Orval aliyahamisha yale magunia kwenye mapipa mawili, moja akalifunga kamba nyekundu na jingine ya buluu, akaondoka na siri yake kichwani. Pipa jekundu lililisha banda la kaskazini, la buluu likalisha banda la kusini. Baada ya wiki sita ndege walipandishwa kwenye mizani, na hapo tu ndipo Orval aliruhusiwa kufungua mdomo.

"Mizani haina ndugu," Thayne alimwambia mchuuzi aliyeshindwa, na wengi walishindwa. Mmoja alilia. Thayne alimpa mayai, akamwonyesha lango.

Basi mtu wa namna hiyo alidanganywaje? Alidanganywa kwa njia inayotudanganya sote: na mtu anayempenda.

Brynlee alikuwa binti wa Reed, mdogo wake Thayne. Miaka mitatu iliyopita Reed aliinama kufunga lango la ng'ombe na hakuinuka tena. Damu iliganda ikapanda ubongoni. Brynlee hakuwasamehe madaktari. Aliacha kazi yake ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, akaanza kuuza Seluvanta, kapsuli za kijani zinazotia nguvu ndani ya kila seli ya mwili. Hakuwa tapeli. Ni heri angekuwa tapeli, maana tapeli huchoka akienda nyumbani. Mtu anayeuza asichokijua, lakini anakiamini kwa machozi, hachoki kamwe.

Katika bonde lile hilo halikuwa jambo geni. Kila nyumba ya pili ilikuwa na mtu anayeuza kitu cha kunusa, cha kupaka au cha kumeza. Ukimwona jirani anakuja na keki na hakuna aliyefiwa, ficha pochi. Ni watu ambao kwa ajili ya imani hawajagusa kahawa tangu kuzaliwa, wala chai, wala tone la divai. Lakini mpe mmoja wao kopo la unga uliotoka asikokujua, umwambie ni la shemeji, atalimaliza kabla ya Jumatano. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kule kibaya kilijitembeza mlango kwa mlango, na kilikuwa na tabasamu zuri sana.

Jambo lenyewe liligunduliwa Jumapili ya kwanza ya Februari, Jumapili ya kufunga. Siku hiyo waumini hawali wala hawanywi mpaka mchana, na kanisani hakuna mahubiri. Anayeguswa na Roho huinuka, akaenda kwenye mimbari na kutoa ushuhuda. Arvilla alikuwa jikoni anatafuta pini ya nywele. Akamwona Thayne, mwenye miaka sabini na minne, amevaa tai yake ya kanisani, anameza kapsuli ya kijani bila maji, shingo ameinyoosha kama mmoja wa batamzinga wake wa zamani.

"We mzee! Leo si tumefunga?"

"Nimefunga. Hiki si chakula."

"Ni dawa, basi?"

"Si dawa."

Arvilla alilichukua kopo, akashusha miwani. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, pameandikwa kwamba kilichomo ni chakula cha nyongeza na hakikukusudiwa kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote.

"Hapa wanasema ni chakula, na wanasema hakitibu kitu. Kwa hiyo umevunja saumu kwa ajili ya kitu kisichokusaidia. Hata Adamu alipata tunda."

"Brynlee anasema si chakula wala si dawa. Ni nguvu."

"Nguvu ya nini?"

"Ya seli."

"Seli zako ziliandika barua kulalamika?"

Thayne alinyoosha tai yake. Kwa kweli alijisikia vizuri. Asubuhi ile alikuwa ameondoa theluji mlangoni peke yake, na alikuwa akingoja mtu amuulize.

Aliporudisha kopo kabatini ndipo Arvilla alipokiona kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki. Yeye mwenyewe alikuwa akikijaza kila Jumamosi, ila jana alipitiwa: kidonge kimoja cheupe asubuhi, kimoja jioni, cha kuzuia damu isigande. Moyo wa Thayne ulikuwa unaruka mapigo, na daktari alikuwa amewaeleza bila kuzunguka kwamba moyo wa namna hiyo hutengeneza mabonge ya damu, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Jumapili iliyopita alimeza. Jumatatu alimeza. Kuanzia Jumanne vyumba vyote vilikuwa vimejaa, na vidonge vimetulia humo kama mayai yaliyokosa mama.

Arvilla aliketi. Hakupiga kelele. Watoto wa shule waliompitia mikononi wangekueleza kwamba hapo ndipo pa kuogopa.

"Tangu Jumanne," alisema.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Kwenye mazishi?"

"Villa, sikia. Vile vidonge vinanichosha. Tangu nianze hizi za Brynlee ninaamka kama kijana. Mwili ukiwa na nguvu unajisafisha wenyewe, hata damu. Brynlee ana vitabu."

"Ndugu yako alianguka langoni, Thayne. Na daktari alisema mioyo yenu imetoka tumbo moja."

"Ndiyo maana sitaki kufa kama yeye!"

Walikwenda kanisani kwa gari, kila mmoja anaangalia dirisha lake.

Kesho yake Arvilla alilipeleka kopo kwa mfamasia mjini. Kijana yule alisoma, akainua mabega. Vitamini, unga wa mboga nyekundu, madini kidogo. "Havitamdhuru, Mama Thygesen, na sijaona ushahidi kwamba vitamsaidia. Kitakachomdhuru ni kuacha vile vyeupe. Kwa hivyo mimi nisingengoja hata siku moja."

Siku moja ni rahisi kusema. Jioni Arvilla aliomba, akanuna, akatisha, akapika viazi vya jibini ambavyo Thayne huvipenda, akavizuia, akavirudisha. Thayne alikula viazi na hakumeza kidonge. Kubishana na mtu anayejisikia vizuri ni kazi bure. Kila neno lako analijibu kwa kutanua kifua.

Siku ya Jumatano Brynlee alikuja na makopo mapya. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, nywele zimepangwa vizuri, macho yenye uchovu wa mtu anayelala kidogo. Pamoja naye alikuja Orval Nuttall, yule yule wa kamba, ambaye naye alikuwa mteja. Wazee sita wa mtaa ule walikuwa wateja.

"Ma'mkubwa, najua umekasirika," Brynlee alisema kabla hajavua koti. "Lakini mtazame Ba'mkubwa! Angalia ngozi!"

"Ninaitazama tangu mwaka wa sitini na nane. Ni ile ile, imeongezeka tu."

"Mimi goti langu limepona," Orval alisema.

"Goti lako hupona kila ukitajiwa chakula, Ndugu Orval. Kaa."

Orval akakaa.

"Nyinyi wa dawa za hospitali mmezoea kuamini makaratasi," Brynlee aliendelea. "Baba yangu aliamini makaratasi. Watu wanapata nafuu, Ma'mkubwa. Wananiambia wenyewe. Hao wote ni waongo?"

Arvilla alikuwa tayari na jibu kali, akalimeza. Alimtazama Orval, akautazama mkono wake uliokuwa unachokonoa uzi wa kitambaa cha meza, na hapo ndipo alipokumbuka zile kamba. Akashangaa jinsi mtu anavyoweza kutafuta ufunguo nyumba nzima na kumbe umo mkononi.

"Thayne," alisema. "Yule bwana wa matone ya manjano, aliyelia. Ulimfanyia nini?"

"Nilimgawia mabanda."

"Kwa nini? Si alikuletea barua za wafugaji kumi na wawili, wote wamepata nafuu?"

"Mfugaji aliyeshanunua kitu ataona ndege wake wamenona hata wakiwa wamekufa," Thayne alisema haraka, kama anavyotamka sala ya chakula. Kisha akageuza uso, maana alisikia alichosema.

"Wewe ni banda gani sasa?" Arvilla alimuuliza.

Orval alicheka puani. Thayne alimtazama vibaya, Orval akasitisha.

"Mtu si batamzinga," Brynlee alisema.

"Kweli. Batamzinga hajidanganyi." Arvilla aliinuka, akaweka makopo mawili matupu mezani. "Wazee sita, mwezi mmoja. Watatu wameze Seluvanta, watatu wameze kapsuli hizo hizo nilizomwaga na kujaza kitu changu. Kopo moja kamba nyekundu, jingine buluu. Mimi nitajua kamba ipi ni ya nini. Askofu atagawa, naye atajua nani kapewa kamba ipi, lakini hatajua maana yake. Wazee wajue kwamba huenda wanameza mchezo. Asiyetaka aseme. Brynlee, unaogopa?"

"Mimi?" Brynlee alifuta jicho, akanyoosha mgongo. "Hata kesho, Ma'mkubwa. Hata leo!"

Lazima tumpe haki yake: hakusita. Wengi wenye vyeti vikubwa kuliko yeye wangesita.

"Nakubali," Thayne alisema polepole.

"Bado. Unapojaribu chakula kipya bandani, unabadilisha vitu vingapi kwa mara moja?"

Thayne aliona mtego, lakini alikuwa ameutega mwenyewe miaka arobaini iliyopita. "Kimoja," alisema. "Ukibadilisha viwili hujui kipi kimeua ndege."

"Basi kila mzee anaendelea na dawa zake za hospitali mpaka tupime. Na wewe ukiwemo."

Thayne alivuta kile kisanduku, akafungua chumba cha Jumatano, akameza kidonge cheupe huku amekunja uso kama aliyelishwa ndimu. "Mwezi mmoja," alisema. "Seluvanta ikishinda, hiki kisanduku nakitupa kwenye jaa, na hutanipigia kelele tena maisha yangu yote."

"Maisha yako yote," Arvilla alisema. Aliogopa, kwa sababu alijua kwamba mumewe hakuwahi kuvunja ahadi.

Katika nyumba zao kila familia huweka akiba ya chakula cha mwaka mzima chini ya nyumba, kwa ajili ya siku mbaya. Arvilla alishuka huko, akaikuta ndoo ya unga wa ngano aliyoijaza mwaka wa tisini na tisa, watu walipoambiana kwamba mwisho wa dunia utaanzia kwenye kompyuta. Dunia haikuisha, na ndoo haikufunguliwa. Aliifungua sasa, akaunusa unga. Ulinuka uzee lakini haukuwa na wadudu. Kwa usiku wa siku mbili, na kwa mikono iliyowahi kukunja mikate mia nne kabla ya saa tatu asubuhi, alimwaga kapsuli za Brynlee moja moja na kuzijaza unga. Hakupenda kazi ile. Alijua kwamba ikiwa kamba ya buluu ingelala usingizi na kamba nyekundu ingeruka kama mwanambuzi, angekuwa amemnunulia mumewe jeneza kwa mikono yake.

Askofu wao, Darrel Oldroyd, muumini kama wengine ambaye siku za kazi huuza matairi, aligawa makopo kwa kurusha sarafu, akaandika majina kwenye karatasi, akaifunga ndani ya bahasha yenye picha ya tairi. "Dada Arvilla," alisema, "hii ni sawasawa kweli kanisani?"

"Askofu, tungeacha kufanya yasiyo sawasawa kanisani, tungebaki na viti vitupu."

Mwezi ulikwenda. Orval alilala vyema. Mzee mmoja alipata gesi tumboni, mkewe akahamia kochini. Thayne alizidi kuchanua. Alitengeneza uzio, alipanda paa kuondoa theluji huku Arvilla anamwita ashuke, alirudi mezani na mashavu mekundu, akasema, "Unaona?" Arvilla aliona. Kila alipoona, moyo wake ndio uliruka mapigo. Asubuhi na jioni alimwekea kidonge cheupe mbele yake, na Thayne alikimeza kwa uaminifu huku anahesabu siku zilizobaki.

Jumapili ya kwanza ya Machi, saumu nyingine, Thayne aliinuka kanisani. Arvilla alimshika koti, akaponyoka. Alikwenda mpaka kwenye mimbari, akashukuru kwa mkewe, kwa imani, kwa mvua, halafu, kwa sauti ya mtu aliyeuona mlima ukihama, akashuhudia kwamba mwili wake umefanywa upya na kwamba kila seli yake inaimba. Alimtaja Brynlee kwa jina. Brynlee alilia. Waumini mia mbili wenye njaa walisikiliza, na nusu yao walikuwa na kitu chao cha kuuza. Askofu alitazama viatu vyake.

Mchana wazee sita, Askofu na Brynlee walikusanyika kwa Arvilla kufungua saumu. Palikuwa na mikate laini, nyama ya kuoka, na jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo hakuna aliyewahi kueleza karoti zinatafuta nini humo. Kabla ya kula, kila mzee alisema hali yake, Askofu akaandika: nafuu, sawa, au vibaya. Kisha akaichana bahasha.

"Kamba nyekundu," alisoma. "Ndugu Orval: nafuu. Wa pili: sawa. Wa tatu: vibaya, tumbo." Alikohoa. "Kamba ya buluu. Mmoja: sawa. Mmoja: nafuu. Na Ndugu Thayne." Alitazama karatasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hapa nimeandika 'nafuu' nikapiga mistari mitatu chini."

Wote wakamgeukia Arvilla. Alikuwa amesimama na bakuli la jeli mikononi, na jeli ilikuwa inatetemeka.

"Nyekundu ni Seluvanta," alisema. "Buluu ni unga wa ngano."

Hakuna aliyecheka mara moja. Orval ndiye aliyeanza, puani, na alipoanza hakuweza kujizuia, mpaka akalazimika kushika meza.

"Unga gani?" Thayne aliuliza.

"Ule wa ndoo ya chini."

"Ya mwaka gani?"

"Tisini na tisa."

"Nimeshuhudia," Thayne alisema polepole, "mbele za Mungu na kanisa zima, juu ya unga wa mwaka wa tisini na tisa."

"Ulishuhudia vizuri sana, Ndugu," Orval alisema, akifuta machozi. "Mimi niliguswa."

Brynlee alikuwa ameshika kopo kwa mikono miwili. "Ni watu sita tu," alisema. "Watu sita si kitu. Ingekuwa mia moja..."

"Ni kweli," Arvilla alisema. "Sita hawatoshi kulihukumu kopo lako, mwanangu, na sitalihukumu. Nililotaka kujua ni moja tu: je, jinsi mume wangu anavyojisikia inaweza kutuambia anachohitaji moyo wake? Haiwezi. Paa alilipanda kwa unga mkuukuu na furaha."

"Lakini baba yangu..."

Kila mtu pale mezani alikuwa amembeba Reed hadi kaburini, na wazee wote waliangalia sahani zao. Arvilla aliweka bakuli chini, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha yule binti, akamwekea mikono mabegani. Kuna makosa ya kukemea, na kuna huzuni iliyovaa nguo za kosa. Aliyelisha watoto mia nne kwa siku hujifunza kutofautisha.

Thayne alikaa na mikono mezani mpaka nyama ikaanza kupoa. Uso wake ulikuwa mwekundu, na safari hii haukuwa wa afya. Halafu alinyoosha mkono kwenye dirisha, akakichukua kisanduku cha vyumba saba. Mwezi ulikuwa umeisha; hakuna aliyeweza kumlazimisha. Jaa lilikuwa pale pale mlangoni.

Alifungua chumba cha Jumapili. Kidonge cha asubuhi kilikuwa bado kimo, kwa kuwa alipoamka alikuwa na haraka ya kwenda kushuhudia.

"Brynlee," alisema, "nipe maji, mwanangu."

Brynlee alimtazama, akaacha kopo lake mezani, akainuka. Alirudi na gilasi iliyojaa mno, maji yanamwagika vidoleni. Thayne alimeza, akanyoosha shingo, akashusha pumzi.

"Mizani haina ndugu," alisema. Kisha akamvutia Brynlee kiti kando yake, akamwekea jeli sahanini, karoti na vyote.